Busu moja, kisufuria kimoja cha supu: Hunger Games, Twilight na wenzao

Kwa wale wanaoniuliza kila wakiona kabati langu la vitabu "anti nianze na kipi", jibu ndo hili: Hunger Games nunua, Twilight azima, Divergent chukua cha kwanza tu kama umekikuta kwa bei ya kutupa. Ukiishia hapa umeshapata ulichokifuata. Kama una muda kaa, maana nina maneno mengi.

Hivi vitabu vyote vinawekwa fungu moja, riwaya za vijana, msichana ana miaka 16 au 17, either dunia imeshaharibika au mtaani kwake kuna kiumbe ambacho sio binadamu, na mara nyingi wavulana wawili wanamgombania. Kuanzia 2005 Twilight ilipotoka mpaka kama 2014 hivi ilikuwa hukwepi, kila pahali lile kava jeusi lenye mikono imeshika tufaa jekundu. Sisi tulivisoma bweni kwa zamu, kitabu kimoja watu kibao, kimefungwa kwa gazeti nje ili matroni adhani ni cha Baiolojia. Sasa nimevirudia vyote nikiwa mtu mzima ninayelipa kodi ya nyumba, na nilichokiona ni kwamba kitabu chenye mapenzi matamu kuliko vyote ni kile ambacho mapenzi yake yanaanza kama uongo wa kutafutia chakula.

Hunger Games ya Suzanne Collins imetoka 2008. Nchi inaitwa Panem, iko pale ilipokuwa Amerika ya Kaskazini, ina mji mkuu unaokula na kusaza unaitwa Capitol na wilaya 12 zinazoulisha. Kila mwaka kila wilaya inatoa mtoto mmoja wa kike na mmoja wa kiume wa kati ya miaka 12 na 18, jumla 24, wanapelekwa uwanjani wanauana mpaka abaki mmoja, na nchi nzima inalazimishwa kuangalia kwenye tivii. Hiyo hata ambaye hajasoma anaijua. Ambacho muvi ya 2012 imekigusa juu juu tu, na ndo kinachonifanya niseme huyu mama anajua anachokiandika, ni hesabu ya majina.

Iko hivi. Ukifika miaka 12 jina lako linaingia mara moja, ukiwa na 13 mara mbili, linapanda hivo hivo mpaka 18 mara saba. Ila kama kwenu njaa imekaza unaruhusiwa kuongeza jina lako kwa hiari, na kwa kila jina la ziada unapewa tessera moja, yaani nafaka na mafuta ya mtu mmoja ya kubanabana mwaka mzima. Na yale ya ziada hayafutwi, mwakani yapo palepale. Katniss, msichana wa stori hii, baba yake kafia kwenye mgodi wa makaa ya mawe yeye ana miaka 11, kwa hiyo alivofika 12 akaanza kuchukua tatu kila mwaka, ya kwake, ya mama yake na ya mdogo wake Prim. Piga hesabu mwenyewe, akiwa na 16 jina lake limo mara 20. Rafiki yake wa kuwinda, Gale, ana 18 na kwao wako watano, limo mara 42. Madge mtoto wa meya ni rika moja na Katniss na yeye yamo matano tu, maana kwao hawajawahi kuhangaikia unga. Afu siku ya kuchota majina linatoka la Prim. Limeingia mara moja tu, ndo mwaka wake wa kwanza. Katniss anajitolea kwenda badala yake.

Aisee. Hapo hakuna hotuba ya kusema serikali mbaya, kuna unga na mafuta basi, na umeshaelewa nchi nzima inaendeshwaje na kwa nini Gale ana kisirani na Madge ambaye hajamkosea chochote. Masikini kawekwa amchukie masikini mwenzie aliyemzidi kidogo tu. Nimesoma vitabu vya watu wazima kurasa mia sita havijanieleza hicho.

Haya, mapenzi. Mvulana anayekwenda uwanjani pamoja na Katniss anaitwa Peeta, mtoto wa muoka mikate. Hawajawahi hata kuongea, ila kuna siku Katniss alikuwa amezidiwa na njaa, mvua inanyesha, anapekua mapipa ya taka nyuma ya nyumba za watu, Peeta akaunguza mikate miwili makusudi, mama yake akamcharaza na kumwambia akampe nguruwe, yeye akamrushia Katniss. Ndo hiyo tu. Hakuna macho kukutana na moyo kwenda mbio. Katniss miaka yote anaibeba ile mikate kama deni na inamkera, kwa sababu sasa ndo huyuhuyu anatakiwa amuue.

Sehemu ninayoirudia kila mara ni ya pangoni. Wako uwanjani, sheria imebadilishwa kwamba wawili wa wilaya moja wanaweza kushinda pamoja, Peeta ana jeraha mguuni linaoza, na nje huko mlevi wao Haymitch, ambaye ndo mshauri wao, ameshika hela za wadhamini anaamua awatumie nini. Peeta anaanza maneno ya mtu anayeaga, Katniss anambusu ili anyamaze. Anatoka nje anakuta parachuti la rangi ya fedha limeshuka na kisufuria cha supu ya moto. Na yeye sio mjinga, anapiga hesabu palepale kichwani: busu moja, kisufuria kimoja cha supu. Kuanzia hapo anajua kamera inataka nini na anaitoa, anamwekea mgonjwa mkono kwenye paji la uso, anamhadithia, anamuuliza "ulinipenda lini", na Peeta anajibu kwamba ni siku ya kwanza ya shule, walikuwa na miaka mitano, Katniss ana nywele za mikia miwili, akaimba mbele ya darasa. Zawadi inayofuata ni karamu, mkate, jibini la mbuzi, matofaa, na bakuli la mchuzi wa kondoo juu ya wali, ule ule ambao Katniss alisema kwenye mahojiano ndo kitu kilichomfurahisha kuliko vyote Capitol.

Sasa niambie ukweli ni upi hapo. Peeta haigizi, hilo msomaji analishuku mapema. Katniss anaigiza, ila anasimulia mwenyewe, wakati uleule mambo yanatokea, na unamuona kabisa kuna maswali anajiuliza afu anayakimbia kwa sababu ana kazi ya kubaki hai. Kwenye treni ya kurudi nyumbani ndo Peeta anagundua kwamba kwa mwenzie sehemu kubwa ilikuwa ni mchezo, tena anagundua akiwa ametoka kumchumia maua ambayo kumbe ni maua ya vitunguu pori. Ile aibu ya kijana wa watu niliisikia mpaka tumboni. Kitabu kinaishia pale, hakuna harusi, hakuna kukumbatiana kwenye mvua, na wewe umebaki unajiuliza hivi hawa wangekutana sokoni tu kama watu wengine ingekuwaje.

Kitabu cha pili, Catching Fire cha 2009, kinachelewa kuwaka, kurasa nyingi za ziara na magauni, afu kinaturudisha uwanjani tena, ila uwanja wenyewe wa saa ile ya mviringo ni balaa, kila saa ina hatari yake. Cha tatu, Mockingjay cha 2010, kina watu wanaokichukia na nawaelewa. Kinakaa sana kwenye mahandaki, na kila jambo kubwa likitaka kutokea Katniss anazimia au yuko hospitali, tunahadithiwa baadae. Ila (spoila, ruka aya hii kama hujasoma) kile watu wa Capitol wanachomfanyia Peeta ni cha kikatili kuliko upanga wowote: wanampa sumu ya nyigu wakimwonesha kumbukumbu zake za Katniss mpaka upendo wote unageuka hofu na anataka kumnyonga. Akianza kupona inabidi awe anauliza watu, hili lilitokea kweli au si kweli? Kumbuka yalivyoanza. Mapenzi yaliyoanza kwa kuigiza mbele ya kamera sasa wenyewe wawili wanakaa chini wanachambua kimoja kimoja kipi kilikuwa cha kweli. Huyo mwandishi alikuwa anajua anakoelekea tangu ile supu. Na kwa Gale pia ameamua kikatili, haamui kwa nani mzuri nani anabusu vizuri, anaamua kwa bomu. Mdogo mtu anakufa kwa mtego wa aina ile ile ambayo Gale alishiriki kuibuni, na hakuna anayejua kwa hakika kama ni la kwao, na urafiki unafia hapo. Mimi nimesoma pembetatu za mapenzi nyingi, hii ndo pekee ambayo jibu lake halikutokana na moyo kuchagua.

Hiki kitabu kimetoka kikaenda barabarani pia. Ile saluti ya vidole vitatu ya watu wa wilaya ya Katniss waandamanaji wa Thailand waliitumia baada ya mapinduzi ya 2014, na Myanmar wakaichukua 2021, na huko sio muvi, watu walikamatwa kweli.

Twilight sasa. Mashabiki msinirukie, nitasema na mazuri yake.

Stephenie Meyer, 2005, halafu New Moon, Eclipse na Breaking Dawn mpaka 2008. Bella anahamia kwa baba yake Forks, mji mdogo wa mvua jimbo la Washington, darasani anakutana na Edward Cullen ambaye amezaliwa 1901, kageuzwa vampaya, yaani mnyonya damu, 1918 wakati wa mafua makali, na tangu hapo ana miaka 17 anarudia sekondari. Sasa wewe mhadithie bibi yako hii stori bila kumtajia kitabu. Kuna kijana mzuri kupita maelezo, mwili wa baridi, chakula cha watu hali, hazeeki, usiku anaingia kwa dirishani anakaa anamwangalia msichana akilala, na mwanaume mwingine akisogea ni vurugu. Bibi hatakuuliza mwandishi nani, atakuuliza huyo mtoto kapelekwa kwa shehe au bado. Hilo ni jini mahaba, tena la kawaida kabisa, kila mtaa una dada anayeambiwa haolewi kwa sababu yake. Hata mimba ya kitabu cha nne, ile inayomvunja mama yake mbavu na inataka damu, mtu wa pwani anasoma anatikisa kichwa tu, anajua ilipotokea. Binti wa dada yangu yuko form two, nilimwambia hivo akanijibu "Mamdogo, ila Edward anampenda kweli." Nikamwambia kupenda anapenda, hilo halina ubishi, ndo shida yenyewe.

Tatizo langu na Twilight sio hilo la usiku lakini, wala kung'aa juani kama kapakwa glita. Ni kwamba hakuna mtu anahitaji kitu. Cullen wana hela zisizoisha kwa sababu dada mmoja anaona yajayo na soko la hisa halimpigi chenga. Ile siku wanayokaa mgahawani Port Angeles, Bella anaagiza ravioli za uyoga na Coke, Edward haagizi chakula, anamwangalia anakula. Linganisha na pangoni. Kule chakula kinabeba kila kitu, deni, uongo, aibu, huku ni pambo la meza. Bella akimpata Edward amepata kila kitu kwa mpigo, ujana usioisha, gari, nyumba, hata tabia yake ya kujikwaa kila hatua inaisha akigeuzwa. Analipa nini? Breaking Dawn kurasa zaidi ya mia saba, jeshi la vampaya wa Italia limekuja, watu wamejipanga kwenye theluji, tunasubiri damu, wanaongea wanaondoka. Wanaongea! Afu Jacob, yule mvulana wa pili anayegeuka mbwa mwitu, kijana wa watu aliyekataliwa na Bella, anapozwa kwa kufungamanishwa na mtoto mchanga wa yule yule aliyemkataa. Hapo nilifunga kitabu nikaenda kuosha vyombo.

Ila kuna kitu kimoja Meyer amekifanya ambacho hao wengine wote hawakukifikia. New Moon, Edward ameondoka, unafungua ukurasa umeandikwa Oktoba, mtupu. Unafungua, Novemba, mtupu. Desemba, Januari. Basi. Hakuna sentensi hata moja. Kama umewahi kuachwa ukakaa miezi hujui siku zimeendaje, zile kurasa zinakujua. Nilivokuwa na miaka 16 nililia kwenye kurasa ambazo hazina maandishi, na juzi nimezifungua tena bado zinafanya kazi. Na lingine ambalo wazazi wangelijua wasingekificha kitabu, anayeng'ang'ania ndoa kwanza ndo mengine yafuate ni Edward, Bella ndo ana haraka.

La kuongezea hapo, wale watu wa kina Jacob, Waquileute, sio wa kutunga, wapo mpaka leo, kijiji chao La Push kiko pwani ya jimbo hilohilo. Kwamba asili yao ni mbwa mwitu ni mapokeo yao ya kweli, ila ya kugeuka na kupigana na wanyonya damu ni ya mwandishi, na kuna makumbusho kule Seattle yalishirikiana nao kuwaeleza watu kipi ni chao kipi cha kitabu. Ukisoma weka hilo akilini.

Divergent sitakaa nayo sana. Veronica Roth aliiandika akiwa bado chuo, ikatoka 2011, na huo ujana unauona, kwa wema na kwa ubaya. Chicago imegawanywa makundi matano kwa tabia, kuna wasema kweli, wapole, wasomi, mashujaa na wanaojinyima, ukifika 16 unakata kiganja unadondosha damu kwenye bakuli la kundi unalolitaka, ukikosea unakoenda nyumbani hurudi. Sherehe ile imeandikwa vizuri sana. Tris katoka kwa wanaojinyima kaenda kwa mashujaa wanaoruka kwenye treni inayotembea, na chakula cha kwanza anachowekewa ni baga, hajawahi kula baga maishani, anaishika kwa vidole viwili. Nilimpenda pale. Lakini ukianza kuuliza huu mji unaendaje, nani kakubali mtu mzima awe na tabia moja, hakuna jibu mpaka kitabu cha tatu, na jibu lenyewe ni maabara na jenetiki, ungetamani hata usingeuliza. Cha tatu kinasimuliwa na watu wawili wakati vya kwanza ni Tris peke yake, mtu mwenye akili ataanza kujiuliza kwa nini, na atapata jibu na atakasirika. Muvi ya mwisho waliigawa mara mbili, ya kwanza ilibuma 2016, ya pili haikutengenezwa kabisa, kwa hiyo usianze muvi ukitegemea utafika mwisho.

Kuhusu Kiingereza, maana najua wengi ndo mnachokiogopa. Hunger Games sentensi fupi, maneno ya kawaida, mtu wa form three anapita bila kamusi, na kila sura inaishia pabaya kiasi kwamba taa utaizima usiku sana. Twilight ni nyepesi pia ila inarudia, uzuri wa Edward unaelezwa tena na tena mpaka unataka kusema tumekusikia dada. Kama unanunua mtumba fungua kabla hujalipa, kopi yangu ya Catching Fire niliuziwa na mtu mmoja mjini kumbe ni ya kudurufu, wino umefifia na kurasa za katikati zimekaa kichwa chini, nimezisoma nimegeuza kitabu kama naangalia ramani. Umri, mi nasema 12 kwenda juu kwa Hunger Games kitabu cha kwanza, cha tatu subiri kidogo, kuna vifo vya watoto na havijapakwa sukari.

Ukimaliza vitatu na bado una kiu, Collins ameandika vingine vya miaka ya kabla ya Katniss, The Ballad of Songbirds and Snakes 2020 na Sunrise on the Reaping 2025. Hicho cha 2025 ni cha Haymitch, yule mlevi wa supu, mwaka wake walichukua watoto 48 badala ya 24, na ukijua aliyoyapitia utaelewa kwa nini anakunywa. Cha 2020 ni cha yule rais mbaya wa Panem, Snow, akiwa na miaka 18, familia ina jina kubwa ila imefilisika, na kitabu kinaanza yuko jikoni anachemsha kabichi anywe, anaogopa tumbo lisije likanguruma mbele za watu wakajua kwao hakuna kitu. Huyu mama na njaa jamani. Vyote viwili visome baada ya vile vitatu, sio kabla, hata kama mwenye duka anakwambia kwa mpangilio wa miaka vinaanza hivyo.